Dua ya Upande Mmoja

Kaole ilikuwa na wakwezi wanne, na Muhidini ndiye pekee aliyekwea minazi amevaa shati. Tena si shati jepesi la kuzuia jua. Lilikuwa la kaki, zito, la mikono mirefu, limefungwa vifungo vyote mpaka cha shingoni, utadhani karani wa mahakama aliyetoroka kazini. Alianza kulivaa mwezi wa Rajabu, na sasa Mfunguo Tatu umeandama naye hajalivua mbele za watu. Wenzake walikwea vifua wazi, jasho likiwatiririka kwa raha zao. Yeye alishuka amechoka mara mbili, mara kwa mnazi na mara kwa shati.

Watu wa Kaole hawakosi la kusema, na kwa shati lile walisema mengi. Wengine walidai ameweka nadhiri. Wengine walidai amechanjwa chale na mganga wa Vigwaza na hataki zionekane. Fatu, muuza vitumbua wa njia panda, ambaye hakuna habari iliyowahi kupita pale bila kulipa ushuru kwake, alikuwa na maneno yake: "Kikulacho ki nguoni mwako. Shemeji ana jambo humo ndani."

Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya umbea, Fatu alikuwa amesema kweli tupu.

Jambo lenyewe lilifichuka Jumatatu moja, shambani kwa Mrisho, mchuuzi wa nazi. Mrisho alikuwa amepigilia kwenye mnazi wa mpakani kibao cha bati kilichoandikwa "Shamba hili haliuzwi". Muhidini akiwa anashuka, shati likanasa kwenye msumari wa kile kibao. Akavuta, halikuachia. Akavuta kwa hasira, vifungo vitano vikaruka, na kifua kikabaki wazi mbele ya Fatu na wanawake wawili waliokuja kuokota vifuu vya kuni. Kifua hicho, cha mwanamume wa miaka arobaini na sita mwenye mabega ya kubebea boriti, kilikuwa na matiti. Hayakuwa makubwa, lakini yalikuwa matiti, mawili, yamechongoka kama ya mwari.

Fatu alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka kama chafya. Wale wawili wakamfuata, maana kicheko cha wanawake watatu ni kama moto wa makuti, hakuna wa kuuzima. Muhidini alishuka vidato vilivyobaki, akafumbata shati kifuani kwa mkono mmoja, akaondoka bila panga lake.

Jioni Fatu alituma kifuko chenye vitumbua sita vya kuomba radhi. Muhidini alivirudisha vyote sita, vikiwa bado vya moto.

&nbsp;

"Nimeacha," alimwambia mkewe usiku ule wakila.

"Umeacha nini?" Batuli aliuliza.

"Kile kidonge. Vidonge vyote nimevimimina chooni."

Batuli aliweka tonge chini. Kidonge hicho alikijua kuliko alivyojua umri wake mwenyewe. Miaka miwili nyuma, Muhidini alikwama kileleni miguu imelegea, hapandi wala hashuki, akateremshwa kwa kamba huku kijiji kizima kikitoa maelekezo. Hospitali ya wilaya ikampima presha, mashine ikaandika mia mbili na kumi. Damu yake ilikuwa imepungukiwa madini ya potasiamu, ndiyo maana misuli ilikataa kazi. Akapewa kidonge cha kuzuia homoni iliyokuwa imezidi mwilini. Miguu ikarudi, presha ikashuka, shukrani zikatolewa. Kisha kifua kikaanza kuwasha, kikauma, kikavimba. Na mkwezi, kwa bahati mbaya, hufanya kazi kwa kukumbatia mti.

"Baba Wahida, kidonge hicho ndicho kinachokusimamisha."

"Kinanisimamisha nikiwa nani? Mama Wahida wa pili?"

Batuli aliinamia sahani. Alimpenda mume huyu na alimwonea huruma, lakini mabega yake yalianza kutikisika.

"Unacheka."

"Sicheki."

"Unacheka kwa mabega, Batuli. Nakuona."

"Nacheka na kulia pamoja," akasema Batuli, na ilikuwa kweli, maana alipoinua uso macho yalikuwa yamejaa. "Lakini ukianguka utaniacha na mama yako, na hilo mimi siliwezi."

"Nimelisikia," ikajibu sauti ya Bi Chausiku kutoka chumba cha pili.

Hazikupita wiki mbili. Muhidini alikwenda bafuni na ndoo ya maji, akakutwa amekaa chini amekumbatia ndoo, miguu haimsikii. Batuli hakumwuliza kama anataka hospitali, maana mgonjwa haulizwi uji. Aliita bajaji. Madaktari wa Bagamoyo wakamtazama, wakamwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa mjini, kwa daktari aitwaye Arafa.

&nbsp;

Daktari Arafa alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye miwani na viatu vya mpira, na kwa umri angeweza kuwa mdogo wake Batuli. Bi Chausiku alimtazama kwa mashaka tangu mlangoni. Alikuwa amekuja kwa sababu hakuna safari ya mwanawe iliyowahi kufanyika bila yeye, isipokuwa ile ya jandoni, na hata hiyo aliifuata mpaka alipokatazwa.

"Shikamoo, mama," daktari alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa wao?"

"Kwa kipimo kilichowaleta hapa, ni mimi."

Akachora kwenye karatasi figo mbili, na juu ya kila figo kikofia kidogo. "Hivi vikofia ni tezi. Kila mtu anazo mbili. Zinatoa homoni ya kuamuru mwili ushike chumvi. Za Muhidini zinatoa homoni nyingi kupita kiasi. Chumvi inabaki, presha inapanda, potasiamu inatoka na mkojo. Tatizo tunalo mkononi. Tusichokijua ni tezi ipi mkorofi. Picha haitoshi, maana tezi inaweza kuwa na uvimbe na isiwe na kosa lolote. Inabidi tuchukue damu kwenye mshipa wa kila tezi, inapotokea tu, kabla haijachanganyika. Tunaipima ya kulia na ya kushoto, tunalinganisha."

"Na mtaifikaje huko?" aliuliza Batuli.

"Kwa mpira mwembamba sana. Tunaingilia hapa kinenani, tunapanda ndani ya mshipa."

Bi Chausiku akafunga ushungi vizuri. "Figo ziko juu, nyie mnaingilia chini?"

"Mama," alisema Muhidini, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu asubuhi, "hata mnazi haukwewi kuanzia kileleni."

Daktari alicheka, akaendelea. Ikionekana ni tezi moja, itakatwa kwa matundu madogo, na kile kidonge kilichomletea matiti kitakoma. Ikionekana ni zote mbili, haziwezi kukatwa zote. Hapo atarudi kwenye kidonge, maisha yake yote. Kilikuwapo cha aina nyingine kisichovimbisha kifua, lakini upatikanaji wake ulikuwa wa kubahatisha na bei yake haikuwa ya mkwezi.

"Na kuna la tatu," alisema Bi Chausiku kwa matumaini. "Kwamba mkitazama hamtaona kitu."

"Hilo halipo, mama. Ugonjwa anao. Kilichobaki ni upande."

"Kwa hiyo tunaomba nini?" aliuliza Batuli.

Daktari alifikiri, kwa sababu alikuwa hajawahi kuulizwa hivyo. "Ombeni uwe upande mmoja tu."

Wakapewa masharti. Kile kidonge asikiguse kwa wiki sita, apewe dawa nyingine za presha, anywe vidonge vya potasiamu, na chumvi ale ya kawaida. Hapo Batuli akashika kichwa. Miaka miwili alikuwa anapika vyungu viwili, kimoja cha watu na kimoja cha Muhidini kisicho na chumvi hata ya kuapia. Kwa gharama za kipimo walimuuzia Mrisho mapema mavuno ya mwaka mzima ya minazi yao kumi na minane. Kipimo kikishindikana, mavuno yangebaki ya Mrisho na matiti yangebaki ya Muhidini.

&nbsp;

Pwani hakuna mtu anayekwenda kuchomwa sindano kubwa bila kisomo. Ijumaa kabla ya safari, baada ya Alasiri, mikeka ilitandikwa ukumbini, ubani ukafukizwa, wanaume wakakaa mbele na wanawake chumbani nyuma ya pazia la kanga. Sheikh Abdullatif, imamu wa msikiti wa jirani, alisoma Yasini kwa sauti yake nzito, kisha akainua mikono. Watu wote wakainua.

"Ya Allah, mja wako Muhidini bin Yunus anakwenda kwa matabibu. Wamtazame, wasimwone na ugonjwa wowote."

"Amina!"

"Si upande wa kulia."

"Amina!"

"Wala si upande wa kushoto."

"Am..."

"Sheikh, samahani! Simama hapo hapo!"

Ilikuwa sauti ya Batuli. Mikono ya watu arobaini ilibaki hewani. Nyuma ya pazia Fatu, ambaye hukaa mbele katika kila shughuli hata akiwa amegombana na wenye nyumba, alisahau kufunga mdomo.

"Mwanangu," alisema Sheikh Abdullatif kwa upole, "dua si bajaji, haisimamishwi njiani."

"Hii imeshika njia siyo, Sheikh. Wakimtazama pande zote mbili wasione tofauti, tumekwisha. Sisi tunaomba aonekane mgonjwa. Lakini upande mmoja."

Ukumbi ukavuma. Mzee mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Mke anamuombea mumewe maradhi? Hadharani? Na halua tumeshakula?"

Muhidini alikuwa amekaa karibu na imamu, ndani ya shati lake la kaki lililoshonwa vifungo vipya, na uso wake ulikuwa umeinama. Angeliweza kuingia chini ya mkeka angeliingia. Lakini akasema, "Ni kweli, Sheikh. Ndivyo alivyosema daktari."

"Mbona mama yako alinikuta mlangoni pa msikiti akaniambia nimwombee asionekane na chochote?"

Kila kichwa kikageukia pazia. Nyuma yake, Bi Chausiku alikuwa anahesabu tasbihi kwa kasi isiyo ya kawaida.

Sheikh Abdullatif alishusha pumzi. "Miaka thelathini nasoma dua," alisema, "sijawahi kuombwa nimgawie mtu ugonjwa." Kisha akainua mikono tena, kwa sababu alikuwa mtu mwema na kahawa ilikuwa inapoa. "Ya Allah, wewe wazijua habari za mja wako kuliko sisi. Kama kuna maradhi, yakusanye mahali pamoja, wayaone wayatoe."

"Amina," wakasema watu, wengine kwa mdomo mzima na wengine kwa nusu mdomo. Batuli alitega sikio upande wa pili wa chumba. Bi Chausiku hakusema amina.

Wageni walipoondoka, Batuli alimfuata mkwewe uani. "Mama, ifute ile dua yako."

"Dua haina kifutio."

"Basi omba nyingine juu yake. Dua ya mzazi haianguki chini, mama, nawe unajua. Ikikubaliwa ile ya kwanza, mwanao atavaa lile shati mpaka kaburini."

Bi Chausiku alisimama na birika mkononi. "Nilimbeba miezi tisa," alisema, "nikamlea na surua, na tetekuwanga, na lile anguko la mnazi wa kwanza. Siku zote hizo nimemwomba Mungu kitu kimoja tu, mwanangu awe mzima. Leo nifungue kinywa hikihiki niseme mpe ugonjwa? Ulimi hautageuka, Batuli. Sikatai kwa ubishi. Ulimi hautageuka."

Batuli akampokea birika.

&nbsp;

Siku ya kipimo Muhidini aliingizwa chumbani akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, kwa sababu wiki sita bila kidonge zilikuwa zimemwachia miguu ya kuazima. Muuguzi mmoja alimjia na wembe na uso wa kutaka radhi.

"Baba, inabidi tunyoe hapa kinenani."

"Tayari," alisema Muhidini kwa heshima zake zote. "Hiyo kwetu ni suna. Hatusubiri hospitali."

Lakini shati ilibidi avue. Alilivua pole pole, macho yakiwa darini, akisubiri kicheko. Daktari Arafa alikuja, akaangalia kifua chake kama anavyoangalia mtu goti lililovimba, akauliza, "Panauma?"

"Panauma," alijibu Muhidini. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwuliza hivyo.

Akapigwa sindano ya ganzi, akafunikwa nguo za kijani, macho yakabaki wazi. Juu pembeni kulikuwa na skrini, na ndani yake aliuona ule mpira ukipanda mwilini mwake mwenyewe, mwembamba kama ukambaa. Hofu ikamtoka bila yeye kujua, akaanza kuangalia kama fundi anavyoangalia kazi ya fundi mwingine. Mshipa wa kushoto ulifikiwa upesi. Damu ikavutwa polepole, chupa ikaandikwa "Kushoto". Muhidini akasema moyoni, huyu binti anajua kukwea.

Ule wa kulia ukagoma. Dakika kumi zikapita, zikawa ishirini, zikawa arobaini. Kila daktari aliposukuma dawa ya rangi, skrini ilionyesha mshipa usio wenyewe.

"Huu wa kulia ni mfupi," alisema daktari, jasho likimtoka chini ya kofia, "na umeingia kwa mshazari kwenye mshipa mkubwa. Huwa unatusumbua. Nitajaribu mara mbili nyingine. Zaidi ya hapo nitaacha, dawa ya rangi ikizidi itaumiza figo."

"Ukiacha, itakuwaje?"

"Hatutakuwa na cha kulinganisha."

Muhidini aliiona minazi kumi na minane, na lile shati. Akaikumbuka na dua ya mama yake, akaamini kwa moyo wote kwamba ndiyo iliyosimama mlangoni mwa ule mshipa, imepanua miguu, haipishi mtu.

"Dokta," akasema, "naweza kusema neno? Sisi mnazi uliopinda hatuung'ang'anii. Ukikukataa unashuka kidogo, unautazama upya umelalia wapi, kisha unauingia kwa upande wa mgongo."

Daktari alimtazama juu ya miwani. Muuguzi alimtazama daktari.

"Nipeni ule mpira wenye kichwa kilichopinda zaidi," alisema daktari.

Muuguzi wa pili alikuwa ametoka kuwaarifu ndugu kwamba kazi imechelewa. Kwenye benchi la nje walikaa Batuli na Bi Chausiku, katikati yao kikapu cha ndizi, maana ndizi nazo zilisemwa zina potasiamu na Bi Chausiku alikuwa amebeba mkungu mzima.

"Wa kushoto wameupata," alisema muuguzi. "Wa kulia bado. Daktari ana majaribio mawili tu."

Mlango ukafungwa. Batuli hakumtazama mkwewe, wala hakumlaumu. Alifunika uso kwa ncha ya kanga akakaa hivyo, mabega yakitikisika, na safari hii hakuwa anacheka hata kidogo.

Bi Chausiku aliyatazama yale mabega. Kisha akaweka tasbihi juu ya ndizi, akafungua viganja.

"Ya Rabbi," akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza mfupa. Akaanza upya. "Ya Rabbi, mwanangu ni mgonjwa. Nilikuwa sitaki kusema. Sasa nasema. Mwanangu Muhidini ni mgonjwa. Waonyeshe ugonjwa wake ulipo, na uwe upande mmoja. Ile dua ya kwanza ilikuwa ya mama mwoga, usiishike."

"Amina," alisema Batuli ndani ya kanga.

"Amina," wakasema watu wa benchi la pili, ambao hawakujua lolote, ila walijua mahali pa kusema amina.

Chupa ya pili iliandikwa "Kulia" dakika chache baadaye. Nani aliyeifikisha damu ile chupani, mpaka leo ni ugomvi. Daktari Arafa anasema ni mpira wenye kichwa kilichopinda, na kwamba angeubadilisha hata bila kuambiwa. Muhidini anasema ni ushauri wake. Bi Chausiku habishani na mtu, anatabasamu tu na kuomba aongezewe chai.

&nbsp;

Majibu yalichukua wiki tatu, na yakaja kwa simu, Alhamisi asubuhi. Simu ya Muhidini ilikuwa imekufa upande wa sikio, ikawa haisemi ila kwa spika ya nje. Nyumba ile, kwa hiyo, haikuwa na siri ya simu. Bi Chausiku alikuwa amekalia mbuzi akikuna nazi. Batuli alikuwa anafua. Fatu alikuwa amesimama kwenye ua wa makuti, eti anaulizia kama kuna kuku wake aliyepita, kwa sababu tangu siku ya shati, ukiondoa ile ya kisomo, hakuwa amethubutu kuingia ndani.

"Muhidini, ni Daktari Arafa. Umekaa?"

"Nimekaa, dokta."

"Majibu yametoka. Damu zote mbili tulizichukua mahali penyewe, kwa hiyo hayana shaka. Tezi ya kushoto imenyamaza kabisa. Ya kulia inatoa homoni zaidi ya mara kumi ya mwenzake."

Hakuna aliyesogea. Batuli alikuwa ameshika nguo iliyojaa maji, inamchuruzikia miguuni.

"Maana yake, dokta?" aliuliza Muhidini.

"Maana yake una ugonjwa wa upande mmoja. Tutaitoa hiyo ya kulia. Presha huenda ikabaki kidogo, tutaiangalia, lakini kile kidonge cha kifua..."

Sentensi haikumalizika. Bi Chausiku alisimama kutoka kwenye mbuzi, machicha yakiwa mikononi, akatupa kichwa nyuma, akapiga kigelegele. Kilikuwa kigelegele cha harusi, kirefu, chenye kona tatu, ambacho hajakipiga tangu Wahida alipoolewa. Batuli akakidaka. Nyumba ya pili wakajibu bila kujua wanajibu nini.

"Haloo?" ilisema simu. "Haloo! Kuna nini huko? Kuna msiba?"

"Hapana, dokta," alisema Muhidini, na sauti yake haikuwa imara. "Ni furaha. Mama amefurahi kwamba mimi ni mgonjwa."

Njiani Sheikh Abdullatif alikuwa anapita na baiskeli. Alifunga breki. "Bi Chausiku, mnaoza?"

"Hatuozi, Sheikh! Muhidini ana ugonjwa, alhamdulillahi!"

"Upande gani?"

"Kulia!"

"Mashaallah," alisema Sheikh, akafikiri kidogo kama limekaa sawa kisheria, akapanda baiskeli yake.

Muhidini alikuwa bado amekaa kwenye kigoda. Watu walikuwa wameanza kujaa uani, maana kigelegele hakina kadi ya mwaliko. Akapeleka mkono shingoni, akafungua kifungo cha kwanza. Batuli alimwona, akaacha kupiga kigelegele. Akafungua cha pili, na cha tatu, mpaka cha mwisho, akalivua lile shati la kaki mbele ya wote, akamtupia mkewe.

"Lifanye tambara la kuepulia sufuria," alisema.

Kifua kilikuwa vilevile. Wiki zile chache bila kidonge zilikuwa zimepunguza maumivu, lakini hazikuwa zimeondoa kitu, na kila aliyekuwapo alikiona. Macho yakaanza kumtafuta Fatu, kwa sababu kila mtu alijua nani alicheka mara ya kwanza.

Fatu alisukuma mlango wa ua, akaingia. Alimtazama Muhidini usoni, akakumbuka kuwa yeye mwenyewe hajampa pole hata siku moja, na aibu ikamshuka mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Shemeji," akasema, "vile vitumbua ulivirudisha."

"Nilivirudisha."

"Ninavyo vingine motoni. Nilete?"

Muhidini aliegemea ukuta. Upepo wa asubuhi ulikuwa unapita juu ya ngozi yake, ngozi ambayo, kwa hiari ya mwenyewe, haikuwa imeguswa na upepo mbele za watu tangu Rajabu.

"Lete," alisema. "Sita vyangu vya siku ile, na vya hawa wote waliokuja kunisherehekea ugonjwa."